Haipatikani

Karo iliponishinda mwaka wa pili, niliacha chuo nikarudi nyumbani Funyula. Nikapata kibarua Busia, kuingiza data kwenye kompyuta ya kampuni. Skrini nyeusi, maandishi ya kijani. Ni AS/400, IBM waliitoa 1988, mimi hata sijazaliwa.

Wiki ya kwanza akaja mama mmoja kufuatilia pesa za marehemu mumewe. Nikatafuta faili ya wafanyakazi wa zamani. Haipatikani. Nikamwambia, "Pole mama, hayumo." Hakulia. Alikunja karatasi zake polepole, akaenda kutafuta gari la Malaba.

Mzee wa ofisi akaniuliza, "Umetafuta wapi?"

Sikuwa na jibu. Akanieleza: kwenye mashine hii kila kitu kinakaa ndani ya maktaba. Ukitaja jina tupu, inapekua zile maktaba zilizo kwenye orodha yako, basi. Zingine haizigusi. Akaandika WRKOBJ, kisha *ALL/ mbele ya jina la faili, maana yake pekua kote. Ikatokea, kwenye maktaba ya kale ambayo haikuwa kwenye orodha yangu. Tukaifungua. Jina la marehemu lilikuwemo.

Nilikimbia hadi steji. Nikampata ameshakaa ndani ya matatu.

Kibarua kiliisha, sasa naishi kwa kuandika. Jamaa zangu wakiulizwa niliishia wapi, husema, "Huyo alipotea." Nami nawauliza kama mzee: mmetafuta wapi?