Daraja la Bustani na Daraja la Ruvuma

Nyumbani kwangu, karibu na Kilambo, kuna picha ukutani. Niliikata katika kalenda kuukuu. Ni picha ya daraja la mawe meupe. Daraja hilo liko Beijing, nchini China, katika bustani kubwa ya wafalme wa zamani. Linaitwa Daraja la Mkanda wa Jade. Jade ni jiwe la thamani ambalo Wachina hulipenda sana. Lilijengwa kati ya mwaka 1751 na 1764, wakati wa mfalme Qianlong.

Daraja hilo limepinda kama upinde wa mshale. Mafundi walilipandisha juu ili mashua ya mfalme ipite chini yake. Maji yakitulia, sura yake huonekana ndani ya maji. Ni zuri mno.

Ndugu msomaji, kwa nini mawe hayo hayaanguki? Kila jiwe linaegemea jirani yake. Uzito wa daraja unayabana pamoja, kisha unashuka mpaka kwenye misingi ya kila upande. Jiwe likiwa peke yake litaanguka. Yakiwa pamoja yanabeba watu.

Siku moja mjukuu wangu aliniuliza, "Babu, watu wa huko wanavuka kwenda wapi?" Nilicheka. Nilimwambia lile ni pambo la bustani. Lakini swali lake lilinikumbusha mto wetu.

Sisi Wamakonde tuko pande zote mbili za Ruvuma. Mjomba wangu alikaa Kionga, upande wa Msumbiji. Kwetu mjomba ni mtu mkubwa. Tulikwenda kwake kwa mtumbwi, huku tukiogopa viboko na mamba. Mwaka mmoja, wakati wa masika, mjomba alifariki. Mto ulikuwa umefurika. Siku tatu mama alisimama ukingoni. Hakuna aliyethubutu kuvuka. Tulipofika Kionga, matanga yalikuwa yamekwisha. Mama hakulisahau jambo hilo mpaka kufa kwake.

Msumbiji ilipata uhuru mwaka 1975. Mwalimu Nyerere na Rais Samora Machel walitaka daraja lijengwe juu ya Ruvuma. Kazi ilichelewa miaka mingi. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 2005. Tarehe 12 Mei 2010, Rais Kikwete na Rais Guebuza walifungua daraja hilo. Linaitwa Daraja la Umoja. Liko Mtambaswala, wilaya ya Nanyumbu. Urefu wake ni mita 720. Nchi zetu mbili zilitoa fedha, na kampuni ya China ilijenga.

Nilikwenda kuliona. Nilipita Masasi, kisha Mangaka. Nilikuta daraja la zege, limenyooka, halina nakshi. Nilisikitika kidogo. Halafu akapita mama mmoja na kapu kichwani. Alikwenda ng'ambo bila kuyatazama maji. Nikamkumbuka mama yangu. Hapo nikauona uzuri wa daraja lile.

Lakini Mtambaswala ni mbali na kwetu huku mlangoni mwa mto. Nilimsimulia mjukuu wangu yote haya. Akachukua penseli, akachora daraja la Kilambo, ambalo halijajengwa. Alilipinda kama lile la mfalme. Katikati aliweka mtu mmoja.

"Huyu nani?" nikamwuliza.

"Ni mama yako, Babu. Anawahi matanga."

Nimeibandika picha hiyo ukutani, kando ya ile ya China.