Bili ya Seva na Somo la Wajapani

Mnisamehe wasomaji, nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa. Sikuwa mgonjwa wala sikusafiri. Nilikuwa natafuta pesa za kulipia seva.

Kisa chenyewe ni hiki. Nilitengenezea chama kimoja cha akiba programu ya kuweka hesabu. Kila mwanachama alipofungua ukurasa wake, programu ilisoma rekodi zote za chama tangu kianzishwe, kisha ikatupa karibu zote. Nilijua kasoro hiyo mwaka mzima, ila seva ilikuwa inalipiwa na mteja. Tulipoandika mkataba mpya nikakubali kuilipia mwenyewe. Bili ya kwanza ilimeza karibu malipo yangu yote, na kodi ya nyumba ikachelewa. Kwa siku mbili nikaandika upya sehemu ile, na sasa seva ndogo zaidi inatosha.

Kumbe ujuzi nilikuwa nao siku zote. Lililokosekana ni uchungu.

Nikakumbuka Wajapani. Nchi yao huagiza karibu mafuta yake yote kutoka nje. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zilipopunguza mafuta, bei ilipanda karibu mara 4 kwa miezi michache tu. Viwanda vya chuma na saruji vikaanza kuhesabu kila tone. Mwaka 1979 ikatungwa sheria ya kutumia nishati vizuri, na viwanda vikubwa vikatakiwa kuwa na msimamizi wa nishati. Mwaka 1998 wakaja na mpango wa Top Runner: friji au kiyoyozi kinachotumia umeme kidogo kuliko vyote sokoni ndicho kinachokuwa kipimo, na baada ya muda watengenezaji wengine sharti wakifikie. Anayezembea anaweza kutangazwa jina lake hadharani. Aibu nayo ni bei!

Aibu hiyo, pamoja na utu, ilionekana tena mwaka 2011 baada ya tetemeko na ajali ya Fukushima. Watumiaji wakubwa wa umeme maeneo ya Tokyo na Tohoku waliamriwa wapunguze asilimia 15 saa za mchana majira ya joto. Watu wa majumbani waliombwa tu, bila kulazimishwa, nao wakazima taa na viyoyozi. Nani angetaka kuwaka peke yake mtaa mzima ukiwa gizani?

Lakini tusijidanganye. Mwaka 1865 Mwingereza William Stanley Jevons alieleza kwamba injini za mvuke zilipoanza kutumia makaa kidogo, Uingereza ilizidi kuchoma makaa, kwa sababu kazi ya injini ilikuwa rahisi na kila mtu akaitaka. Nilimcheka, kisha nikatazama bili yangu ya mwezi wa tatu. Ilikuwa inapanda! Baada ya seva kupata nafuu nilijaza michoro ya takwimu kila ukurasa, ambayo hakuna mwanachama aliyeiomba.

Nimeiondoa. Tena nimebandika bili ya kila mwezi ukutani, juu ya tarakilishi, kijana ninayefanya kazi naye aione na mimi niione. Jana aliniuliza, "Kaka, hii ya leo imetugharimu ngapi?" Sikuwa na jibu, ikabidi tuketi tuhesabu pamoja.

Na wewe, bili yako inalipwa na nani?