Jua la Saa Tatu

Baba alikuwa bwana shamba, na kila tulipohamia alisimika kipima mvua uani kabla vitanda havijafungwa. Kilikuwa mkebe wa shaba uliofubaa, kimo chake hadi gotini mwangu, ndani yake faneli na chupa. Saa tatu kamili asubuhi alikifungua, akamimina kilichopatikana kwenye gilasi nyembamba yenye mistari, akainama mpaka jicho lake likawa sawa na maji, kisha akaandika katika kaunta buku lenye kona nyekundu. Siku isiyo na mvua aliandika sifuri. Hakuruka hata siku moja. Alisema sifuri nayo ni habari.

Kaunta buku hilo ninalo mimi sasa. Nusu yake ya kwanza ni Mbeya, nusu ya pili ni Arusha, na katikati kuna kurasa mbili tupu: siku tulizokuwa njiani na wiki za kutafuta nyumba. Watu wakisikia nimekulia miji hiyo miwili huniambia nilibahatika, nimeepuka joto la Dar es Salaam na kulala nikijipepea. Ni kweli nilibahatika. Ila huitaja miji hiyo kwa pumzi moja, kama mapacha, na mimi niliyejifunika blanketi kote kuwili najua kwamba baridi zao hazijuani. Najua pia ni ipi ninayoipenda.

Twende kwanza Mbeya, Jumamosi ya mwezi wa saba, mwaka 1986. Tunaishi Forest ya Zamani, nyumba ya serikali yenye ukuta mnene na sakafu ya saruji iliyopigwa rangi nyekundu. Mlima Loleza umesimama nyuma yetu kama mtu mzima anayechungulia watoto. Tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mvua ilishaaga tangu mwezi wa tano. Mbingu ni tupu. Usiku wa namna hiyo, baba alinieleza, ardhi huwa kama mtu aliyelala bila shuka: joto lote ililojichotea mchana linapanda juu na kupotea, hakuna wingu la kulirudisha. Ikifika alfajiri nyuzi zimeshuka chini ya 10, na kule Uporoto, wanakotoka wauza viazi, sakitu imelala juu ya majani, nyeupe kama chumvi iliyomwagika.

Nalala na bibi, mama yake mama, aliyekuja kutoka Tukuyu. Miguu yake ni ya moto daima, sijui kwa nini, na ananiita mke mwenzake. "Mke mwenzangu, leta hizo nyayo zako za chura." Blanketi letu ni la kijivu, zito, lina harufu ya moshi na mafuta ya nazi. Usiku wa manane honi ya treni ya TAZARA inasikika kutoka Iyunga, karibu mno, kama imeingia barazani. Mchana huwezi kuisikia hivyo. Hewa nzito ya baridi inayotuama chini usiku huinamisha sauti irudi ardhini, nayo inakwenda mbali. Nilipokuwa mtoto niliamini kwamba treni huja mjini usiku kutafuta joto.

Mbeya iko magharibi sana, kwa hiyo jua linachelewa kuja. Saa kumi na mbili asubuhi bado ni usiku wenye nyota. Mama anawasha jiko la mkaa uani, analipepea kwa mfuniko wa sufuria, cheche zinaruka. Maji ya ndoo yanachoma vidole. Tukiongea mvuke unatutoka midomoni, na mdogo wangu anajifanya anavuta sigara mpaka bibi anamkoholea. Tunakunywa chai yenye tangawizi katika vikombe vya bati ambavyo huwezi kuvishika kwa kiganja kitupu, tunavifunga kwa ncha ya sweta. Kuna magimbi ya kuchemsha, kuna chumvi kwenye kisahani. Nyumba bado ni baridi.

Halafu jua linakuja. Kwetu lilizuiwa kwanza na mikaratusi ya jirani, likawa linapenya vipande vipande, likipaka rangi ya chungwa juu ya bati, kisha fremu ya dirisha, kisha likateremka ukutani taratibu kama mtu anayeshuka ngazi. Ikikaribia saa tatu ukuta wote wa mashariki ulikuwa umeshika moto mpole. Hapo ndipo kila mtu alitoka. Bibi na kigoda chake. Mama na ungo wa mchele wa Kyela, achambue mawe huku mgongo ukipata joto. Mama wa nyumba ya pili na mtoto mchanga aliyepakwa mafuta akang'aa. Mwuza viazi wa Kisafwa aliyekuwa apite tu, akatua debe lake, akaegemea. Wote walipanga migongo ukutani, na salamu zilipita kutoka mdomo hadi mdomo, "Ugonile," yaani umelalaje, na baada ya usiku kama ule swali hilo lilikuwa na uzito wake. Hakuna aliyeharakishwa. Baba alipita mbele yetu na gilasi yake kavu, akaangalia, akaandika sifuri, akaja naye kusimama dakika chache, kalamu sikioni.

Kuota jua. Nimeishi sehemu nyingine ambako watu wanalikimbia jua, na kitenzi hicho hawana kazi nacho.

Baadaye mwaka uligeuka. Mwezi wa nane upepo ulianza kushuka mlimani ukiwa umebeba vumbi jekundu, likaingia kwenye ugali, kwenye nywele, katikati ya kurasa za madaftari. Mwezi wa kumi mijakaranda ilichanua, na usiku tuliona moto wa nyasi ukitambaa Loleza, mstari mwembamba mwekundu uliopindapinda, mzuri na wa kutisha. Wote tulikuwa tunasubiri. Mbeya ina msimu mmoja tu wa mvua, na hii ndiyo siri ya tabia yake: miezi sita unaingoja, miezi sita unaishi nayo. Siku ya kwanza ya mvua, mwezi wa kumi na moja, harufu ya udongo ilitangulia kabla ya tone lenyewe. Jioni yake kumbikumbi walitoka ardhini kwa maelfu wakaizunguka taa, nasi tukawakusanya kwenye beseni la maji, mabawa yakabaki yanaelea. Bibi aliwakaanga kwa chumvi tu. Baba aliandika tarakimu yake kwa wino uliokolea kuliko kawaida, au ndivyo ninavyoona nikitazama ukurasa ule leo.

Tulihama mwezi wa kwanza mwaka 1988. Safari ya basi ilikuwa ya siku mbili, na ninachokumbuka ni kwamba Morogoro nilivua sweta, na kwamba kipima mvua kilisafiri mapajani mwa baba.

Arusha ilinipokea kwa joto. Hilo sikulitegemea, walioniambia juu ya baridi yake hawakuniambia kwamba mwezi wa kwanza na wa pili jua lake linauma, na barabara za Kaloleni zinafukuta vumbi. Mji uko karibu mita 1,400, chini kidogo kuliko Mbeya, chini ya Mlima Meru wenye zaidi ya mita 4,500. Nilikuwa nimezoea mlima unaokaa mahali pake. Meru ulikuwa kama mgeni wa heshima: siku moja uko pale umejaa mbingu, siku tatu haupo kabisa.

Masika ilipoingia mwezi wa tatu niliupenda mji huo kwa moyo wote. Nataka hili lieleweke, maana nitausema vibaya muda si mrefu. Mvua ilinyesha usiku kucha bila hasira, na asubuhi Mto Themi ulikuwa unanguruma chini ya madaraja kwa maji ya rangi ya chai ya maziwa. Udongo mweusi wa volkano ulinasa viatu. Migomba ilinenepa ukiitazama. Wanawake walishuka kutoka vijiji vya mlimani na maziwa ndani ya vibuyu vilivyofukizwa, ukinywa unaonja moshi kabla ya maziwa. Hakuna kijani ninachokijua kinachofanana na kijani cha mitelemko ya Meru mwezi wa tano.

Ndipo ukaja mwezi wa sita na wa saba. Upepo wa kusi hutoka baharini umebeba unyevu, ukaukuta mlima, ukalazimika kupanda, na ukipanda unapoa na kugeuka wingu. Wingu hilo hukaa juu ya mji kama kifuniko cha chungu. Usiku wa Arusha si mkali kama wa Mbeya, kwa sababu kifuniko hicho hicho kinazuia joto lisitoke. Bei yake hulipwa mchana. Saa moja asubuhi ni kijivu, saa tatu ni kijivu, saa sita ni kijivu chenye mwanga kidogo, na manyunyu yanaanguka mepesi kiasi kwamba huyasikii, unayagundua kwenye nyusi za mtu unayeongea naye. Kwenye gilasi ya baba hayakufika hata mstari wa kwanza. Hakutaka kuandika sifuri, maana isingekuwa kweli, basi akabuni herufi M. Mwezi wa saba wa 1988 una M kumi na tisa.

Nguo hazikauki. Sare ya shule inaanikwa Jumamosi, Jumapili jioni bado ina ubaridi kwenye mishono, na mama anaikausha kwa pasi ya mkaa, mvuke unapanda, chumba kinanuka sabuni na moshi. Tulikwenda shule ndani ya nguo zilizokuwa za moto dakika kumi za kwanza tu.

Bibi alikuja kututembelea mwezi huo huo. Asubuhi ya kwanza alitafuta upande wa mashariki bila kumwuliza mtu, akaweka kigoda chake ukutani, akajifunga kanga ya pili mabegani, akakaa. Nilipita kwenda bombani nikamwona. Niliporudi alikuwa bado yupo, mikono mapajani, uso umeinuka kidogo, macho yamefumbwa. Ilipofika saa tano alimwita baba. "Mwanangu, kwani jua la huku linatokea wapi?" Baba alimweleza habari za upepo na mlima. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ndaga," yaani asante, akaendelea kukaa.

Aliyemtoa pale ni mama jirani, Mmeru, aliyeingia uani na bakuli la mtori likifuka. "Bibi, hapa utapata kifua. Njoo jikoni kwangu." Akamshika mkono, akampeleka kwenye jiko lake la nyuma, kibanda cha mbao kilichokuwa cheusi ndani kwa moshi wa miaka, moto wa kuni kati ya mafiga matatu, kuku wawili wakiota moto kama watu. Wanawake watano walikuwa humo tayari. Bibi hakujua Kimeru na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini alipokewa, akapewa nafasi kando ya chungu cha makande, na kuanzia siku ile nilijua pa kumtafuta. Arusha nayo ina ukuta wake wa mashariki, nikaona, ila umewekwa ndani ya nyumba, na lazima mtu akukaribishe.

Mwezi wa kumi na moja mama alisikia harufu ya udongo, na mwili wake ukamwambia kile ulichomwambia kila mwaka: panda. Baba alikuwa safarini. Mama akafukia mahindi nyuma ya nyumba, yakaota vizuri, yakafika kiunoni, na mwezi wa kwanza yakanyauka kwa jua. Ilikuwa vuli, mvua fupi. Mahindi yanangoja masika. Mama jirani alimfariji kwa kusema kwamba vuli humdanganya kila mgeni. Mama alikata mabua yale makavu mwenyewe, moja moja, na jioni hakuongea sana. Nadhani siku ile ndipo alipohama kweli.

Baba aliichagua Arusha. Alipostaafu alijenga Moshono, na akasema kifua chake hakiwezi tena usiku wa Mbeya. Tulibishana kwa miaka. Alinitajia misimu miwili ya mvua, kahawa, vivuli, jioni zile ambapo wingu linafunguka ghafla baada ya wiki mbili na Meru unatokea wote, bluu iliyoiva, mpaka watu wanasimama barabarani. Nilizikubali hoja zote. Hata mimi nimesimama barabarani.

Bado naichagua Mbeya. Baridi yake inakuja usiku, inakubana barabara, na asubuhi inaachia. Mtoto anayelala humo anajifunza kungoja, na anachokingoja hufika kila siku, mahali palepale, kwa kila mtu aliyeko uani pamoja na mwuza viazi. Ya Arusha ni pole, na labda kwa mzee ni bora, lakini ilinikaa ndani ya nguo miezi miwili mfululizo, na sikujua kamwe ni saa ngapi ya kuacha kuiwaza.

Juzi niliufungua ukurasa wa mwezi wa saba 1986. Sifuri thelathini na moja, zimepangwa chini kama shanga. Ya tarehe 19 ni kubwa na imepinda. Baba alikuwa Chunya na mimi ndiye niliyeachiwa gilasi. Safu ya mwisho, ile ya maelezo, yeye alikuwa akiiacha wazi. Mimi niliijaza kwa penseli: *jua limefika, bibi yupo nje.*