Bidoni ya mama jirani

Leo tunawaletea habari ya bidoni. Ile ya njano ya lita 20. Hapa Uganda wanaiita jerikani, lakini sisi tuliotoka Kivu ulimi umeshazoea bidoni.

Nyumba ya watu saba wenye bidoni mbili inajua hesabu yake. Moja ikipasuka, mtoto anarudi bombani mara mbili, na mstari haumngoji mtu. Wengi wetu tunapaka sabuni kwenye ufa. Inashika asubuhi, jioni inavuja. Gundi ya dukani nayo ni pesa ya bure, juu plastiki ya bidoni inateleza kama mshumaa, gundi haipati pa kung'ang'ania. Inatakiwa moto.

Tulianza vijana wane, na mbabula moja ya makala, kisu kizee na misumari. Tulikuwa tunapitisha kisu cha moto juu ya ufa mpaka unafungika, tunapangusa, tunaona laini, tunafurahi. Mama mmoja jirani alituletea yake, tukamrudishia siku ile ile. Kesho yake asubuhi, akiwa katikati ya kilima, bidoni imejaa iko kichwani na mtoto yuko mgongoni, ufa ulifunguka wote. Mama na mtoto wakalowa, maji yakaisha, na zamu ikawa imeshapita. Hakutugombeza. Aliiweka mbele yetu akasema, "Wanangu, mngeniambia tu kama imekufa. Ningeazima."

Siku ile hatukutengeneza kitu kingine. Tuliikata ile sehemu tukaangalia ndani: tulikuwa tumeyeyusha ngozi ya juu tu, chini ufa ulibaki vile vile. Tena ncha zake zilikuwa zimekimbia mbele.

Sasa tunafanya hivi. Kwanza tunatoboa tundu dogo kwa msumari wa moto pale ufa unapoishia, kila upande, ili usiendelee kukimbia. Tunakwangua uchafu, tunachonga ufa uwe kama mfereji, mpana juu na mwembamba chini. Halafu tunakata ukanda mwembamba kutoka bidoni nyingine iliyokufa, na huo ndio tunaoyeyushia ndani ya mfereji. Kisu kinagusa ukanda na bidoni kwa pamoja, polepole, mpaka vinachanganyika. Kisu kisiwe chekundu. Plastiki ikitoa moshi mwingi au kugeuka kahawia, umeiunguza, na pale itavunjika tena. Ikishapoa yenyewe (msiimwagie maji!), tunaijaza na kuiacha usiku mzima juu ya karatasi kavu. Karatasi ikilowa, tunarudia. Bidoni haitoki kwetu bila kulala.

Kitu kingine kilichotusumbua: plastiki si moja. Tulibandika kipande cha bidoni kwenye beseni, kikakaa vizuri, kilipopoa tukakivuta kwa vidole kikatoka. Angalieni chini ya chombo, kuna pembetatu yenye namba ndani. Bidoni nyingi ni 2, mabeseni mengi ni 5. Mbili kwa mbili, tano kwa tano. Namba 3 msiichome hata kidogo, ndiyo ya mabomba mengi ya plastiki; mmoja wetu alijaribu, macho na koo vilimwasha mpaka usiku. Kama namba imefutika, tupa kipande kwenye maji: 2 na 5 vinaelea, 3 inazama. Na kazi yote ni nje, si ndani ya nyumba, watoto mbali.

Kuna baba alikuja na bidoni yenye harufu ya dawa ya kupulizia shamba. Alitaka iwe ya maji ya kunywa. Tulikataa, akakasirika, akasema tunajidai. Sawa. Harufu ile imeingia kwenye plastiki yenyewe, hatuna kisu cha kuitoa.

Kwa ninyi mnaofanya kazi kwenye mashirika, tuna ombi moja. Mkija kubadilisha bidoni, zile zilizopasuka msizichukue zote kwenda kuzitupa. Kwetu hizo ndizo uzi wa kushonea. Bidoni moja iliyokufa inaponya nyingi, na bila hiyo tunabaki na moto tu.

Yule mama tulimtafutia bidoni ya kuazima, kisha tukaitengeneza yake upya. Ina kovu nene kwa ubavu, si nzuri kuitazama. Ililala kwetu usiku mbili, juu safari ile tuliogopa. Huu ni mwezi wa nne inapanda kilima.

Tunakaa chini ya mwembe kila Jumamosi mchana. Ukija na ya kutengeneza, njoo pia na kipande cha bidoni ya zamani kama unacho.