Barua kutoka Jena: Wa Kwanza Kwa Kura, Upinzani Kwa Viti



Hatimaye jimbo ninaloishi hapa Ujerumani lilipata serikali. Watu wa Thüringen walipiga kura Jumapili ya Septemba 1, 2024, na Mario Voigt wa chama cha CDU alichaguliwa kuwa waziri mkuu wa jimbo Desemba 12. Hapo katikati ni miezi mitatu na ushei ya vikao. Serikali ya zamani ya Bodo Ramelow iliendelea kushikilia ofisi, na mjini maisha yakaenda kama kawaida.

Wengi mmenipigia simu na swali lilelile: imekuwaje aliyeongoza hakupewa nchi? Swali ni la haki. AfD, chama cha siasa kali za mrengo wa kulia, kilipata asilimia 32.8, CDU 23.6, BSW 15.8, Die Linke cha Ramelow 13.1 na SPD 6.1. Vyama vya Kijani na FDP havikufikisha asilimia 5, vikabaki nje ya bunge. Kwetu Tanzania anayeongoza katika jimbo la uchaguzi hata kwa kura moja hubeba kila kitu. Huku kila mpiga kura ana kura mbili, ya mgombea na ya chama, na hii ya chama ndiyo inayoamua ukubwa wa kila kundi bungeni. Kwa hiyo AfD wakapata viti 32 kati ya 88, CDU 23, BSW 15, Die Linke 12 na SPD 6. Theluthi moja ya wapiga kura iliwataka AfD, theluthi mbili zikaenda kwingine, na hakuna chama kilichokubali kutawala nao.

Sitajifanya mtazamaji asiye na upande. Idara ya usalama ya jimbo imekiweka chama hicho kwenye kundi la wenye itikadi kali tangu 2021. Kiongozi wake hapa, Björn Höcke, aliyekuwa mwalimu wa historia, alihukumiwa faini mwaka 2024 na mahakama ya Halle kwa kutumia kaulimbiu ya wanamgambo wa Hitler. Kwa mtu mwenye ngozi kama yangu, hayo si mambo ya kusoma gazetini na kufunua ukurasa.

Basi vyama vingine vikaanza kuhesabu kwa vidole. CDU kina azimio la 2018 linalokataza kushirikiana na AfD, na papo hapo linakataza kushirikiana na Die Linke. Akabaki nani? BSW, chama kilichoundwa Januari 2024 tu na Sahra Wagenknecht baada ya kuihama Die Linke, na SPD. Jumlisheni: 23, 15 na 6 ni 44. Nusu kamili ya bunge, hata mmoja wa ziada hakuna. Wenyeji wakaubatiza muungano huo Brombeer, kwa rangi za vyama: nyeusi, zambarau na nyekundu, kama tunda hilo la mwituni lenye sura ya forosadi.

Kilichonishangaza ni kilichowachelewesha. Si shule wala hospitali, ambazo ndizo kazi halisi za jimbo. Ni vita vya Ukraine! Wagenknecht alitaka mkataba wa serikali uwe na tamko la amani na kuzungumzia mpango wa kuweka makombora ya Marekani Ujerumani. Thüringen haina jeshi wala wizara ya mambo ya nje, ila wiki zikapita watu wanapimana maneno. Katja Wolf, wakati huo kiongozi wa BSW jimboni na meya wa zamani wa Eisenach, alikuwa anavutana zaidi na mwenyekiti wake wa taifa, Wagenknecht, kuliko alivyovutana na CDU. Mwishowe wakaandika kwenye utangulizi kwamba wote wanataka amani na kwamba hawakubaliani kuhusu silaha.

Hofu ya AfD kuvuruga bunge nayo ilikuwepo, tena ina historia. Februari 2020, katika duru ya tatu ya kura bungeni, Thomas Kemmerich wa FDP, chama chenye wabunge watano, alimshinda Ramelow kwa kura 45 dhidi ya 44 kwa kubebwa na AfD. Nchi nzima ilichemka, na siku iliyofuata akatangaza kujiuzulu. Safari hii kikao cha kwanza cha bunge jipya, Septemba 26, kilivunjika kwa sababu mbunge mzee kuliko wote, wa AfD, aliyekiongoza hakuruhusu hoja za wabunge wengine. Mahakama ya katiba ya jimbo, iliyoko Weimar, ikaamua kesho yake usiku dhidi ya mbunge huyo, na Jumamosi spika akapatikana.

Voigt alipata kura 51 katika duru ya kwanza, saba zaidi ya viti vya muungano wake. Kura ni ya siri, lakini huhitaji mganga kujua za ziada zimetoka wapi: kabla ya kura muungano ulikubaliana na Die Linke kwamba chama hicho kitashauriwa mapema kabla mambo hayajafika bungeni. Azimio la 2018 liko palepale kwenye karatasi.

Kwetu Zanzibar, tangu 2010, katiba yenyewe inaviita vyama mezani kuunda serikali ya pamoja. Huku hakuna kinachowalazimisha zaidi ya hesabu, na mkataba wao unachapishwa ili kila mtu ausome na awadai. Hapo nawapa alama.

Mimi sikupiga kura, maana sina uraia wao. Tangu Juni 2024 sheria ya Ujerumani inaruhusu uraia wa nchi mbili, na miaka mitano ya kuishi hapa inatosha kuomba. Wakenya walioko huku wanajaza fomu. Sisi Watanzania bado sheria ya nyumbani inatutaka tuchague.

Mtihani wa kwanza wa Voigt ulikuwa bajeti ya 2025. Kura 44 kwa 44 ni sawa na kushindwa, kwa hiyo ilimlazimu apate mtu wa upande wa pili, au wa kujizuia kupiga kura.