MAKUTUPORA: KIJIWE CHENYE HABARI ZA UTURUKI

Ukifika stendi ya Dodoma ukamwambia kondakta unakwenda Makutupora, atakuuliza swali moja: "Ipi, ya JKT au ya treni?" Ukijibu ovyo umeumia, maana Makutupora ziko mbili. Ya kwanza iko kaskazini mwa mji, njia ya Arusha. Huko ndiko kuna kambi ya JKT, visima vinavyonywesha makao makuu, na kituo cha utafiti wa zabibu. Ya pili iko magharibi, ukishapita Bahi na Kintinku, na kwenye ramani ni wilaya ya Manyoni, mkoa wa Singida. Watu wengi wa Dar wakisikia "SGR Morogoro hadi Makutupora" wanapiga picha ya zabibu. Sivyo. Reli ilikwenda kwenye ile ya pili, na mimi nikaifuata hukohuko.

Treni ya umeme ilinishusha Dodoma, kutoka hapo nikapanda basi. Ukishaiacha Bahi unaona majaruba ya mpunga na mbuyu mmojammoja, halafu mbele yako linasimama lile ukuta la Bonde la Ufa ambalo lazima ulipande ndipo ufike Manyoni. Makutupora imekaa chini ya ukuta huo. Joto lake, wapenzi wasomaji, si la kusimuliwa. Nilipowasalimia wazee "Mbukwenyi" kwa Kigogo changu cha kuokoteza walicheka, wakanipisha kivulini.

Huku reli zimekuwa mbili, ya babu na ya mjukuu. Ya babu ni ile ya Mjerumani, geji ya mita moja, iliyofika Dodoma mwaka 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Ya mjukuu ni hii pana yenye nguzo na nyaya za umeme, iliyojengwa na Waturuki wa kampuni ya Yapı Merkezi. Mkataba wa kipande cha Morogoro mpaka hapa ulisainiwa Septemba 2017: kilomita 336 za njia kuu na 86 za kupishania, kwa dola bilioni 1.92.

Sasa sikia jambo ambalo darasani hatukuambiwa. Kampuni ya Kijerumani iliyojenga reli yetu ya kati, Philipp Holzmann, ndiyo hiyohiyo iliyokuwa ikijenga reli huko Uturuki, ile ya kuelekea Baghdad, na fedha za kote kuwili zilipitia Deutsche Bank. Wakati huo Uturuki ilikuwa Dola ya Osmani, na wakubwa wa Ulaya walikuwa wakimwita Sultani mgonjwa, huku wakingoja kugawana mali zake. Yaani karne iliyopita Mturuki na Mgogo walikuwa foleni moja, wote wakijengewa na bwana mmoja. Leo Mturuki ndiye anayekuja na kofia ngumu na mchoro mkononi. Mambo hubadilika jamani.

Kijiwe nilichokaa kiko kando ya barabara, kwa mama mmoja anayeuza chai na ugali wa uwele kwa mlenda. Vijana wa pale wengi walifanya kazi kwenye reli: mmoja saidia fundi, mwingine alikuwa anabeba mataruma, mwingine alikuwa mlinzi. Kituruki wanakijua cha kutosha. Waligundua wenyewe kwamba maneno mengi tumeyachota kisima kimoja cha Kiarabu: kitabu kwao ni kitap, dunia ni dünya, sabuni ni sabun, na habari ni haber. Ila neno moja liliwaletea kisanga. Mturuki akitaka kukusalimia anasema "Merhaba". Basi fundi mmoja kijana, hana hata ndevu, akapita mbele ya mzee wa Kigogo akamwambia "Merhaba!" Mzee akakasirika. "Marahaba ya nini? Nani kakupa shikamoo wewe mtoto?" Ilibidi vijana waingilie kati.

Kisa cha merhaba kiliwachekesha wote. Lakini walipofika kwenye siasa za Waturuki wenyewe, hapo ndipo nilipoomba chai ya pili.

Yule saidia fundi, ambaye nitamwita Kaka Mkubwa kwa kuwa hakupenda jina lake liandikwe, alikuwa na mabosi wawili. Mmoja wa Konya, mmoja wa Izmir. Kwa asiyejua, Konya ni ngome ya Recep Tayyip Erdoğan na Izmir ni ngome ya wapinzani wake. Mei 2023 kulikuwa na uchaguzi wa rais kwao, na ukaenda raundi ya pili. Wale wawili, anasema, walikuwa wanakunywa chai meza moja lakini kila mtu ameinamia simu yake. Tarehe 28 matokeo yakatoka: Erdoğan asilimia 52 na ushee, Kemal Kılıçdaroğlu chini ya 48. Wa Konya akanunulia kambi nzima soda. Wa Izmir hakusema na mtu siku mbili.

"Lakini kaka," akaniambia, "mtu akitaja Amerika, wote wawili wanasonya kwa pamoja."

Hilo ndilo nililolipenda, kwa sababu ndiyo siasa yote ya Uturuki kwa ufupi. Ndani wamegawanyika katikati kama nazi, lakini kwa Wazungu wa Magharibi wana kinyongo kimoja. Wamo NATO tangu 1952. Wanabisha hodi Umoja wa Ulaya, mazungumzo rasmi yakaanza 2005, na mlango bado uko nusu. Julai 15, 2016 wanajeshi walijaribu kumpindua Erdoğan, watu zaidi ya 250 wakafa usiku mmoja. Serikali yake ikamtuhumu shehe Fethullah Gülen aliyekuwa akiishi Pennsylvania. Mwenyewe alikana. Ankara ikadai aletwe, Washington ikasema leteni ushahidi mahakamani. Gülen alifia hukohuko Marekani Oktoba 2024. Katikati hapo Erdoğan akanunua makombora ya S-400 ya Urusi, yakatua Julai 2019, Wamarekani wakamtoa kwenye mradi wa ndege za F-35, na Desemba 2020 wakamwekea vikwazo. Mwanachama wa NATO kuwekewa vikwazo na kinara wa NATO, si mchezo.

Utauliza Makutupora inahusikaje. Inahusika sana.

Januari 2017, miezi sita tu baada ya lile jaribio, Erdoğan alitua Dar es Salaam. Magufuli alizungumza naye habari za mkopo wa reli, naye akaleta yake: akataka Tanzania iwashughulikie watu wa Gülen. Shule za Feza, zile tunazozisikia kila matokeo ya mitihani yakitoka, Uturuki ilikuwa imezihusisha na mtandao huo. Februari 3 mkataba wa kipande cha kwanza cha reli, Dar hadi Morogoro, ukasainiwa, Yapı Merkezi wakiwa na Mota-Engil ya Ureno. Cha pili kikafuata Septemba. Feza hazikufungwa. Kwa maoni yangu hapo tulicheza vizuri: reli tumepata, na watoto wamebaki madarasani. Jirani zetu Kenya walicheza vingine. Oktoba 2024 Waturuki wanne waliokuwa wakimbizi Nairobi walikamatwa na kurudishwa kwao, na Umoja wa Mataifa ukalalamika. Kama una jirani mkimbizi, hiyo habari haisomeki vizuri.

Halafu kuna mkoba. Februari 2020 serikali yetu ilisaini mkopo wa dola bilioni 1.46 wa kujenga kutoka Dar mpaka hapa Makutupora. Aliyeupanga ni Standard Chartered, benki ya London. Na waliosimama kama wadhamini? Mashirika ya serikali ya kudhamini mauzo ya nje, la Denmark na la Sweden. Sweden hiyohiyo! Ile iliyoomba kuingia NATO Mei 2022, na Mturuki akaikalia kooni miezi ishirini akisema inawalea Wakurdi wa PKK na watu wa Gülen. Bunge la Ankara lilikubali Januari 2024, na siku chache baadaye Marekani ikaruhusu kumuuzia Mturuki ndege za F-16. Nipe nikupe. Wakati wote huo, kwenye jua hili la Ugogoni, dhamana ya Mswidi na jasho la Mturuki vilikuwa vinalala kwenye tuta moja la kokoto bila kugombana.

Nilimwambia Kaka Mkubwa hayo akacheka mpaka chai ikamwagika.

Kuna lingine la kufanana. Ankara ilifanywa mji mkuu Oktoba 1923, ukiwa mji mdogo wa katikati ya nchi, nyanda za juu na kavu, unaojulikana kwa mbuzi. Wakubwa wa Istanbul waliuguna sana. Dodoma nayo ilitangazwa 1973, nusu karne baadaye, na wakubwa wa Dar wakaguna mpaka Magufuli alipowahamisha kwa nguvu kuanzia 2016. Fundi wa Konya, nasikia, alikuwa akitembea Dodoma anatikisa kichwa na kusema kwao palikuwa hivihivi. Hata zabibu wanazo, na zabibu kavu wao ndio wauzaji wakubwa duniani. Sisi bado tunauza kwenye vindoo kando ya barabara.

Mkataba wa kutoka hapa kwenda Tabora, kilomita 368, ulisainiwa Desemba 2021 na kampuni hiyohiyo. Hadi mwaka 2025 reli ilikuwa haijafika Tabora. Kaka Mkubwa kazi yake ya kipande cha pili iliisha. Buti zake za kazini amezisugua, amezitundika darini, panya wasizile, anangoja simu.

Ndiyo maana anasikiliza redio. Aliniuliza kama yule meya wa Istanbul ametoka. Ekrem İmamoğlu alikamatwa Machi 19, 2025, siku chache kabla chama chake hakijamtangaza mgombea urais, na barabara zikajaa watu. Safari hii wakubwa wa Magharibi waliongea kwa sauti ya chini, maana jeshi la Mturuki wanalihitaji. Siku ile ya kukamatwa lira ilianguka vibaya.

Nikajaribu kumtuliza. Nikamwambia mikataba yetu inahesabiwa kwa dola, lira ikianguka haimgusi yeye wala buti zake.

Akanitazama kama anayemtazama mgeni. "Kaka, ya dola mnayajua nyie wa magazetini. Mimi najua bosi wangu siku lira ikishuka anavyonunaga. Na akinuna, haajiri mtu."