Mbwa wa Theluji Katikati ya Joto la Feri: Hawa Wanaishije?

Kama umewahi kufika Feri kabla jua halijachomoza, wakati boti zinaingia na madalali wanaanza kupasha koo, huenda umeshamwona. Mbwa mwenye manyoya kama koti la baridi, macho ya bluu, mkia umejikunjia mgongoni, anamburuta mdada wa watu kutoka Kivukoni kuelekea Barabara ya Obama. Vijana wa pale wamempa jina lao: Mzungu. Wengine wanaapa kabisa kwamba ni mbwa mwitu kafugwa.

Sio. Ni haski, Siberian Husky kwa jina kamili, mbwa wa kuvuta sleji, kile chombo kisicho na magurudumu kinachoteleza juu ya theluji. Na anaishi ghorofani, hapa hapa mjini, na mke na mume ambao mpaka leo ndugu zao wanawashangaa.

Kabla watu hawajaanza kurusha mawe: hawakumnunua kwa ajili ya kiki. Familia moja ya Masaki ilikuwa inahama nchi, mbwa ana miaka miwili na hana pa kwenda. Mdada akajitolea kukaa naye "wiki mbili tu" wakati anatafutiwa kwao. Mumewe akakubali shingo upande. Wiki mbili hizo sasa zimeingia mwaka wa tatu.

Kuelewa balaa walilojitwisha, inabidi umjue mnyama mwenyewe. Haski alitokana na mbwa wa watu wa Chukchi, kaskazini-mashariki ya Siberia, waliofugwa kuvuta mzigo mwepesi kwa mwendo mrefu kwenye baridi ya kutisha. Mwanzoni mwa karne ya 20 wakapelekwa Alaska. Januari 1925 mji wa Nome ulipokumbwa na ugonjwa wa dondakoo, dawa ilifikishwa kwa mbwa wa sleji: waendeshaji 20, mbwa wapatao 150, zaidi ya kilomita 1,000 kwa kupokezana, chini ya siku sita. Mmoja wa mbwa wale, Balto, ana sanamu yake New York. Wajuzi wa mambo husema aliyefanya kazi kubwa zaidi ni mwenzake, Togo, aliyekimbia kipande kirefu kuliko wote.

Sasa mchukue mjukuu wa hao, mfungie sebuleni mjini Dar. We acha tu.

Mwezi wa kwanza alikula mto wa kochi, kandambili tatu na kona ya kapeti. Pantoni ikipiga honi, naye anaitikia kwa sauti ndefu ya kulia, mtaa mzima unaamka. Akitolewa nje anavuta kamba mpaka mdada mikono inamuwaka. Wakadhani ni jeuri. Wakamkemea, wakamnyima biskuti, wapi.

Aliyewafumbua macho ni kijana wa mkokoteni anayesukuma barafu pale sokoni. Alimwangalia mdada anavyoburutwa, akacheka hadi akasimamisha mzigo.

"Dada, wewe humtembezi huyo. Anakutembeza."

"Mkaidi, kaka yangu. Hasikii."

"Sio mkaidi. Angalia anavyoweka mabega. Huyo anataka kuvuta. Mpe kitu avute, atatulia."

Mtu anayevuta mizigo kila siku ndiye aliyemwelewa mbwa wa kuvuta mizigo. Wikiendi ile mume akaenda Kariakoo kwa fundi wa mabegi, akashonewa mkanda mpana wa kifuani kwa kamba zile zile za mabegi ya shule, na sponji ndani usimchubue. Jumapili wakapanda gari, wakavuka daraja la Kigamboni, wakamfungia tairi kuukuu mchangani alfajiri. Mbwa akaondoka nalo kama mtu aliyeitwa kazini baada ya kukaa benchi mwaka mzima. Jioni ile hakula kitu chochote kisicho chakula.

Hapo ndipo Feri ilipoanza kuonekana kama sehemu ya maana kwa mbwa wa theluji. Fikiria: mjini hapa ni wapi pengine barafu inauzwa alfajiri kwa ajili ya samaki? Wanachukua mfuko mmoja, wanaweka kwenye beseni mbele ya feni, naye analala pembeni kama bosi. Na samaki? Kule Alaska mbwa wa sleji wamelishwa samaki wakavu miaka na miaka. Huyu wa kwetu anachemshiwa vibua, anatolewa miiba, anachanganyiwa na wali. Sokoni kwenyewe haingii, chakula cha watu kile. Mmoja anabaki naye nje, mwingine anaingia kununua.

Ratiba yao sasa inaongozwa na jua. Saa kumi na nusu alfajiri wako nje. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi wawe wamerudi, jua likipanda mchezo umeisha. Kabla ya kutoka jioni, mume anaweka mgongo wa kiganja kwenye lami na kuhesabu hadi saba. Akishindwa kuvumilia, hata nyayo za mbwa hazitaweza. Harusi za usiku wa manane wameziacha. Kula bata mpaka asubuhi, hakuna tena.

Lakini muulize mdada kama anajuta. Miaka minne alikaa mita chache kutoka baharini na hakuwahi kuona jua likichomoza. Mwanamke peke yake barabarani saa kumi na moja, nani angethubutu? Sasa anatembea pwani yote ile, na siku nyingine mpaka Daraja la Tanzanite, na hakuna anayemsogelea vibaya. Walinzi wa maofisi wanamjua, muuza kahawa anamwekea kashata. Mume, aliyekuwa na kitambi cha mjini, anakimbia nyuma ya mbwa na suruali zinampwaya. Wanasema hata ugomvi wa nyumbani umepungua, maana ukitembea saa moja na nusu kila alfajiri mnaishia kuongea tu.

Tatizo halikuwa alfajiri. Tatizo lilikuwa mchana.

Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi. Anajipoza kwa kuhema ulimi nje, unyevu wa mdomoni ukikauka ndipo joto linatoka. Dar hewa yenyewe imeshajaa unyevu, kwa hiyo haukauki haraka. Kuanzia Desemba hadi Machi mchana unapita nyuzi 31, na yeye amevaa makoti mawili: manyoya laini ya chini na marefu ya juu. Watu wengi waliwaambia wamnyoe. Daktari wa mifugo akakataa, kwamba manyoya yale yanakinga pia jua na joto la nje, na ukiyanyoa yanaweza yasirudi vizuri.

Sasa, mwaka jana mwezi wa pili, mchana, wote wako kazini. Umeme ukakatika. Feni ikazima.

Jirani wa mlango wa pili ni mama mtu mzima, Mwislamu wa swala tano. Tangu mbwa aje, wakikutana kwenye ngazi yeye hubana ukutani na kukusanya baibui. Si chuki. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi pwani, mate ya mbwa ni najisi, yakikugusa unaosha mara saba, moja kwa udongo. Mdada alilijua hilo na kila siku alifupisha kamba. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, mshike vizuri huyo mnyama wako." Basi, kila mtu na njia yake.

Siku ile mama alisikia pumzi kupitia nondo za kibaraza, kama mtu anayepuliza mkaa uliogoma. Akachungulia. Mbwa kalala ubavu, ulimi mwekundu, mate mazito, haitiki. Akampigia mdada simu. Kisha akachota ndoo na kopo, akaanza kumwagia maji kupitia nondo, kopo baada ya kopo, bila kumgusa, mpaka mume alipofika na bodaboda. Wakamlaza bafuni chini ya maji ya kawaida ya bomba, wakampepea, ndipo wakamkimbiza kwa daktari. Joto la mbwa la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39 hivi. Yake ilipita 41, hata baada ya maji yote yale. Alilala kwa daktari siku mbili na dripu mguuni.

Mdada alienda kushukuru na kilo mbili za jodari. Mama akapokea, akamkaribisha ndani, akamwambia bila kuzunguka:

"Mwanangu, kumgusa sigusi. Lakini kiumbe ana kiu, nimtazame tu? Ila na wewe jiulize. Unamfuga au unamtesa?"

Hilo swali lilikaa ndani ya nyumba yao wiki nzima. Mume alisema wampeleke Lushoto kwa mjomba wake, moja kwa moja, yaishe. Mdada akanuna. Akasema huyo ni mwanafamilia, hatolewi kama friji. Mume akajibu, "Mke wangu, friji halifi kwa joto." Wakalala mzungu wa nne.

Julai wakaenda kujaribu. Lushoto iko mita zipatazo 1,400 juu ya bahari, kwenye Milima ya Usambara, na mwezi huo asubuhi unavaa sweta mbili. Wakafika usiku, wakamtandikia sebuleni. Asubuhi hayupo. Kumbe alijitokea mwenyewe, kalala uani kwenye ukungu, kajiviringisha, mkia umefunika pua, ndivyo hasa jamaa zake wanavyolala kwenye theluji. Siku zile tatu alikimbia, akachimba, akacheza kama mtoto wa mbwa. Mdada aliangalia kimya, akalia. Kwa miaka miwili alidhani mbwa wake ni mpole wa mchana, anapenda kulala. Kumbe alikuwa anavumilia.

Mapatano yao ndiyo haya: Desemba mwanzoni, gari la kukodi linampandisha Lushoto. Machi, masika yakianza kupoza mji, anarudi Feri. Gharama ni zao, na kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa husafiri naye. Miezi hiyo mitatu nyumba inakuwa kimya, mdada anaamka saa kumi na nusu bila kuitwa na anakosa la kufanya. Lakini mjomba mtu amemtengenezea kitoroli cha magurudumu, anamfungia ule mkanda wa Kariakoo, na kila asubuhi mbwa anavuta dumu moja la maji kwenye njia tambarare toka bombani hadi nyumbani. Mzigo mwepesi, kazi ya kila siku. Mjomba anasema ukichelewa kumfunga anakuja kukugongea mlango.

Picha zake zikipostiwa, sanduku la ujumbe linajaa: "Dada, haski bei gani? Nataka na mimi." Mdada hajibu bei. Anajibu: njoo Feri saa kumi na nusu alfajiri, tutembee wote wiki moja, halafu tuongee. Mpaka sasa wamekuja watatu. Wawili hawakurudi siku ya pili. Wa tatu alimaliza wiki nzima, akashukuru, akaenda kuchukua mbwa wa kienyeji kwa jirani yake Mbagala, na mpaka leo anakimbia naye.